Barua kwa mwanangu anayeitwa agombee jimboni

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema wazee wa jimbo wamekufuata mpaka chuoni kwako Tunguu, wanakutaka uchukue fomu ya kugombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la Zanzibar 2030. Wenzako chuoni nao wanakwambia msomi akiingia siasa hupotea: kusomesha ataacha, na siasa hataiweza. Unaniuliza mimi nani kasema kweli.

Hao wenzako hawasemi uongo. Mchukue Woodrow Wilson wa Marekani. Alikuwa profesa Princeton, akawa mkuu wa chuo hicho hicho 1902, kisha gavana wa New Jersey, na uchaguzi wa 1912 ukampa urais. Ujana wake aliandika kitabu kizima juu ya Bunge la nchi yake na namna linavyoendeshwa. Hata hivyo, 1919 alipolipelekea Baraza la Seneti mkataba wa Versailles, ambao ndani yake ndimo lilimokuwamo Shirikisho la Mataifa, lile lililoutangulia Umoja wa Mataifa, maseneta wakataka masharti yao yaongezwe naye akakataa kulegeza. Mkataba ukaanguka, Marekani isiingie kabisa katika Shirikisho ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelipigania kuliko mtu yeyote. Bunge alilijua vizuri kwa kulisoma. Kukaa na asiyemkubali, akampa kidogo ili naye apate kidogo, kulimshinda.

Karibu zaidi yupo Kais Saied wa Tunisia. Huyo kafundisha sheria ya katiba miaka mingi, na 2019 watu wakamchagua kuwa rais kwa kura nyingi sana. Julai 2021 akasimamisha Bunge, na mwaka uliofuata akaleta katiba mpya. Mimi linalonisumbua kwake ni hilo la ualimu. Mtu aliyewafundisha vijana mipaka ya madaraka ni nini, kisha akayafanya hayo! Elimu haikumzuia, na wewe usitegemee kwamba yako itakuzuia.

Sasa nikwambie nionavyo mimi, niliyefundisha skuli mpaka nikastaafu. Darasani watu wanakusikiliza kwa sababu mtihani uko mbele yao. Hawana pa kwenda. Ukizoea hivyo miaka kumi, ishirini, unaanza kudhani wanakusikiliza kwa sababu unasema kweli. Maradhi ya wasomi wengi walioanguka katika siasa ni hayo, na hayaonekani mpaka mtu afike mbele ya watu ambao wanaweza kuinuka wakaenda zao.

Nimeyaona kwa macho yangu hapa Pemba. Alikuja mgombea mmoja, mtu wa shahada kubwa, simtaji, kuzungumza na wakulima wa mwani. Kina mama walimuuliza swali moja tu: mbona bei ya mwani haipandi? Akaanza kuwaeleza soko la dunia, viwanda vya nje, thamani ya fedha, na yote aliyoyasema yalikuwa sahihi. Lakini siku hiyo ilikuwa ya bamvua, bahari inapokupwa mbali kabisa, na maji yalikuwa yanatoka. Mkulima wa mwani maji yakitoka hamngoji mtu, maana saa za kufunga kamba na kuvuna ni hizo hizo. Akainuka wa kwanza na kamba zake begani, akafuata wa pili. Bwana yule hakuuliza wanakwenda wapi. Aliendelea kusema mpaka wakabaki wanaume wanne na watoto. Angelisema, "Mamangu, twendeni, nitauliza huko huko majini," naamini wangelimpenda.

Ndiyo maana katika wote ninaowajua, ninayekuwekea mbele ni Wangari Maathai wa Kenya. Alikuwa profesa wa anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi, na ndiye mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari, 1971. 1977 akaanza kupanda miti na wanawake wa vijijini. 1982 akaacha kazi chuoni ili agombee ubunge. Akaambiwa hana sifa ya kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha kazini. Akakosa ubunge, kazi, na hata nyumba ya chuo aliyokuwa akikaa. Mwanangu, hapo pasome taratibu. Kabla hujagusa fomu yoyote, mkataba wako wa kazi uujue kifungu kwa kifungu, na mwanasheria akusomee.

Ubunge wa Tetu aliupata 2002, miaka ishirini baadaye. Miaka yote hiyo alikuwa na wale wale wanawake wa miche, akapigwa na polisi, akawekwa ndani. Alipofika bungeni hakuwa mgeni kwa wapiga kura wake. Na hata hivyo, baada ya Tuzo ya Nobel ya 2004, 2007 kura za maoni za chama zikamwangusha. Sifa za dunia hazikumlinda jimboni.

Najua kuna njia fupi, na wewe umeitaja kwa mbali. Katiba ya Muungano inampa Rais nafasi 10 za kuteua wabunge, na Rais wa Zanzibar naye ana nafasi 10 katika Baraza la Wawakilishi. Maprofesa wengi wamepitia mlango huo: Joyce Ndalichako 2015, Palamagamba Kabudi 2017. Hata Makame Mbarawa, mtu wa hapa hapa Pemba aliyekuwa akifundisha uhandisi Afrika Kusini, aliteuliwa 2010 akawa waziri, na baadaye akasimama Mkoani. Siwadharau, nchi inahitaji wajuzi. Ila mimi sikutakii mlango huo. Aliyeteuliwa ana mtu mmoja wa kumridhisha, na akikaa katika baraza la mawaziri hawezi tena kusema hadharani yote aliyokuwa akiyasema darasani. Ukiingia kwa kura, angalau una watu nyuma yako siku ya kusema hapana.

Jibu langu basi: nataka uende. Nalisema kwa moyo wangu wote. Marehemu Maalim Seif, mtoto wa Mtambwe, alishika chaki kwanza, kasomesha skuli ya Fidel Castro hapa Pemba kabla hata ya kwenda chuo kikuu. Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, na 1955 alipotakiwa achague ualimu au siasa, akaacha ualimu. Kwetu si ajabu mwalimu kuitwa na watu.

Na kuna jambo nililiona kwako linalonipa moyo. Nilipokuja kwako likizo ile, kijana mmoja alikuja mlangoni na karatasi yake ya mtihani, anadai umemnyima alama. Ulikaa naye kwenye kibaraza, ukaisoma upya swali kwa swali, ukamwambia la tatu amesema kweli, ukamwongezea. Hukununa, na mbele yangu hukumsema alipoondoka. Wilson angelikuwa na hilo, maseneta wale pengine wangelimpa kura.

Fomu usiikimbilie, 2030 ingali mbali. Likizo hii njoo Pemba, usipitie kwa wazee waliokufuata, hao wameshaamua. Nenda Tumbe kwa shangazi yako, yeye ana kamba zake za mwani. Angalia kalenda uje wakati wa bamvua, uvae viatu vya majini, ufunge mwani nao. Wakikuuliza bei, waulize wao kwanza wanauza kwa nani, anapima nani, na mzani ni wa nani. Yaandike watakayokwambia, uje nayo Wete tuyasome pamoja.

Mama yako