Bonaire: Hoteli kwanza au watu wa kuzamia?

SWALI: Shangazi, mi na mume wangu tuko Houston, tunataka kwenda kuzamia baharini Bonaire, kile kisiwa cha Karibi, leseni zetu bado za mwanzo. Tuanze kutafuta hoteli au kampuni ya kuzamia?

JIBU: Kampuni mwanangu, kitanda ni kitanda tu. Waulizeni kiongozi mmoja anashuka na watu wangapi na kama boti ina oksijeni, wakianza kuzungukazunguka achaneni nao. Ila Bonaire wengi wanaingia majini kutokea ufukweni bila boti, sehemu za kuzamia zimewekewa mawe ya njano barabarani, kwa hiyo pangeni upande wa magharibi karibu na Kralendijk, mji mkuu wa kisiwa, ambako maji yametulia, na mkodi pikapu ya kubebea mitungi ya hewa. Glavu haziruhusiwi. Baada ya kuzamia mara ya mwisho subirini angalau masaa 18 ndo mpande ndege.