Bakapu ya diski: kwa wewe unayekabidhiwa seva za kampuni

Ukianza kazi utaonyeshwa boksi lenye diski nne na kuambiwa, "Bakapu yetu hii hapa, ina RAID, usiwe na wasiwasi." Itikia, kisha anza kuuliza. RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, inakusaidia diski ikifa. Mtu akifuta folda ya mishahara, inafutika kwenye diski zote papo hapo.

Uliza pia: tukipoteza kila kitu leo, tutarudi kazini baada ya muda gani? Piga hesabu mwenyewe. Terabaiti 2 kwa mtandao wa ndani unaopitisha megabaiti 100 kwa sekunde ni saa tano na nusu hivi. Data hizo hizo ukizivuta kutoka kwenye wingu (seva za kukodi zilizo mbali) kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), ni zaidi ya siku 9. Anayesema diski za ofisini zimepitwa na wakati, mimi humpa kikokotoo tu.

Ila boksi hilo lisiwe nakala pekee. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliikumba Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Ilikuwa na seva zipatazo 150 zinazotunza akaunti na ruhusa za watumiaji, zote zikinakiliana, na hakuna aliyefikiri zingekufa kwa mpigo. Zikafa. Ilipona moja tu, Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na seva haikuwa mtandaoni. Intaneti ya huko haikutosha kutuma data zake, ikabidi diski ibebwe kwa ndege kupitia Nigeria hadi Uingereza. Wewe usilisubiri shirika la umeme likufanyie kazi hiyo: weka diski moja ya nje, ichomoe baada ya kunakili, ikalale jengo jingine. Na nywila ya seva ya bakapu isiwe ile ile ya msimamizi wa mtandao.

Mifumo mingi ya bakapu ya diski huhifadhi vipande vya data vinavyojirudia mara moja tu. Usisimbe data (kuifunga kwa msimbo wa siri) kabla ya kuituma huko: vipande vinavyofanana havitatambulika tena, na nafasi uliyotarajia kuokoa itapotea.

Halafu kuna ripoti za kila asubuhi zinazosema "imefaulu". Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi kodi za programu, alifuta kwa bahati mbaya kanzidata ya seva kuu. Ndipo ikagundulika bakapu ya kila siku ilikuwa ikifeli, kwa kuwa toleo la programu halikulingana na la kanzidata, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla kwa shughuli nyingine.

Kila mwezi rejesha kanzidata nzima kwenye kompyuta nyingine, umwite mhasibu aifungue. Yeye, si wewe. Wewe utaridhika faili likifunguka; yeye ataona kwamba ankara za wiki iliyopita hazimo.