Picha za infraredi kwenye magofu ya mawe: maswali yenu

Nilikwenda Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, na filta ya nanomita 720, ile inayozuia karibu mwanga wote tunaouona na kuachia infraredi. Majani yote yametoka meupe kama yamemwagiwa unga. Kamera imeharibika? (Msomaji, Mombasa)

Haijaharibika, ndivyo majani yalivyo kwa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, ulio ng'ambo ya mwekundu. Klorofili, rangi ya kijani ya majani, hufyonza mwanga mwekundu na wa bluu, lakini infraredi huiachia ipite. Ikifika katikati ya jani hugonga kuta za seli na mianya ya hewa, na sehemu kubwa hurudi nje. Robert W. Wood alichapisha picha za namna hiyo mwaka 1910.

Mimi naona hakuna magofu ya pwani yanayofaidika na njia hii kuliko Gede. Msitu umeingia hadi ndani ya nyumba, na kwenye picha ya kawaida ya rangi nyeusi na nyeupe ukuta wa matumbawe na majani yaliyo kivulini hutoka kijivu kilekile, huoni kipi kinaishia wapi. Kwa infraredi vinatengana. Tazama mahali mizizi ilipokumbatia ukuta: majani meupe, mizizi ya kijivu, na vitundu vya matumbawe vinahesabika kimoja kimoja. Tena, usiogope giza la chini ya miti. Jani hupitisha infraredi nyingi kwenda chini, kwa hiyo kivuli unachokiona kizito kwa macho, kwa kamera si kizito hivyo. Piga picha ya majaribio kwanza, mita ya mwanga itakudanganya.

Simu yangu inaweza? (Kilifi)

Jaribu hivi: elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe. Ukiona kitaa cha zambarau kinawaka, infraredi kidogo inaingia. Kidogo tu, kwa sababu kamera nyingi zina kioo kinachoizuia mbele ya sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga. Hata kamera kubwa, ukiifunga filta ya 720, itahitaji sekunde kadhaa kwa kila picha, kwa hiyo stendi ni lazima. Wanaoipenda kazi hii huchukua kamera ya zamani wakampa fundi aking'oe kioo hicho. Baada ya hapo unapiga ukiwa umeishika mkononi, ila picha za rangi za kawaida zitaharibika mpaka uweke filta nyingine.

Je, infraredi itanisomea maandishi yaliyofifia kwenye kaburi? (Zanzibar)

Inategemea yameandikwaje. Wino au rangi ya masizi hubaki nyeusi kwenye infraredi hata pale uchafu ulioifunika unapofifia, na hapo utafurahi. Lakini maandishi ya kuchonga hayana wino. Kaburi la Gede lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, limechongwa. Pale kinachosaidia ni tochi iliyoshikwa pembeni, karibu kabisa na usawa wa jiwe, ili kila mchongo utupe kivuli chake. Sogeza tochi, piga tena, kisha linganisha picha.

Na tafadhali sana, usipake chaki wala kumwagia maji ili herufi zionekane. Matumbawe hunyonya kila kitu, na ukisugua unaondoka na ukingo wa herufi yenyewe.

Itaona ndani ya ukuta? (Dar es Salaam)

Hapana. Infraredi ya picha hizi, ya nanomita 700 hadi 900 hivi, inaishia kwenye ngozi ya jiwe. Mnayoichanganya nayo ni kamera ya joto, inayosoma mawimbi marefu zaidi, nayo pia haipenyi: inapima joto la uso tu. Mwaka 2015 mradi wa ScanPyramids uliitumia kwenye piramidi ya Khufu, mjini Giza, Misri, jua likichomoza na likizama, ukakuta mawe machache ya upande wa mashariki, karibu na ardhi, yana joto tofauti na wenzake. Tofauti hiyo ni dalili ya kuchunguza. Sababu yake hutafutwa kwa vipimo vingine.

Saa gani ni nzuri? Na kwa nini kuna duara jeupe katikati ya picha zangu? (Malindi)

Saa nne hadi saa tisa, jua likiwa kali, wakati wapiga picha wengine wamejificha. Anga la bluu litatoka jeusi, kwani hewa haitawanyi infraredi kama inavyotawanya bluu. Duara hilo linatokana na miale inayorukaruka ndani ya lenzi. Fungua tundu la lenzi zaidi, jaribu f/5.6 badala ya f/16. Likibaki, tafuta lenzi nyingine.