Kambi Ikigeuka Mtaa: Maswali ya Wasomaji

Ngome yetu ya Lamu imekaa katikati ya mji. Kwa nini isigawanywe nyumba za kupanga na maduka? (Msomaji, Langoni)

Kwa sababu tayari inatumika, na wanaoitumia ni wengi. Ilimalizika kujengwa 1821, ikawekwa askari wa Oman, kisha toka 1910 hadi 1984 ikawa gereza. Leo ndani mna maonyesho, maktaba na ukumbi. Nje, pale uwanja wa Mkunguni, wazee hubarizi na soko liko ubavuni. Mkigawa vyumba, watafaidi wapangaji wachache na mji mzima utafungiwa mlango.

Je, kuna kambi ya jeshi iliyogeuka mtaa wa kweli? (Fundi, Shela)

Ipo Vauban, mjini Freiburg, Ujerumani. Jeshi la Ufaransa lilihama 1992. Baadhi ya mabweni ya askari hayakubomolewa: yakawa makao ya wanafunzi na ya watu wa kipato kidogo waliojikarabatia wenyewe. Uwanja uliobaki manispaa iliukata viwanja, na vingi vikachukuliwa na vikundi vya familia zilizochangishana kujenga pamoja. Leo wanaishi zaidi ya watu 5,000, wana shule, maduka na tramu iliyofika 2006. Magari mengi huachwa kwenye maegesho ya pembeni, watoto wakacheza njiani. Sisi wa Lamu, tunaopishana na punda vichochoroni, hilo halitushangazi. Linalonivutia mimi ni kwamba wananchi walikaa mezani wakati ramani inachorwa, si baada ya kuchorwa.

Kuta za zamani zikibanduka, tupige saruji? (Msomaji, Mkomani)

Hasha. Mawe ya matumbawe yanahitaji kupumua. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, ukuta ukaoza. Tumieni chokaa.

Mradi kama wa Vauban ukija kwetu, si wenyeji watasukumwa nje? (Mama, Matondoni)

Hofu yako ni ya haki, mama. Tumeona nyumba za mababu zikiuzwa na kuwa za wageni. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, basi nendeni mkutanoni mapema, kina mama hasa, na mtake majibu kwa maandishi: ardhi itauzwa nzima au vipande vidogo? Nyumba ngapi zitabaki za kupangisha wenyeji, kwa kodi gani, kwa miaka mingapi? Wavuvi watapitia wapi kwenda ufukweni? Wenye mradi wasipojibu, msikubali mkutano ufungwe.