Baba hataki tofali za kufungamana

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nataka kujenga kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo wetu Kibosho, Moshi, kwa tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji zinazoshindiliwa kwa mashine. Hazichomwi, kwa hiyo hakuna miti ya kukatia tanuri. Baba amekataa katakata, anasema hatarudi kwenye nyumba ya tope. Nimemweleza gharama na uimara, haelewi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Nadhani baba yako anaelewa vizuri. Anachoogopa ni Desemba. Ukoo ukipanda mlimani kwa Krismasi, nyumba ya kihambani ndiyo inayotazamwa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo, akahangaika miaka mpaka akaitoka, ukimjia na udongo tena unamgusa heshima. Hapo hesabu za gharama hazisaidii.

Mpeleke aone nyumba ya tofali hizo iliyokwisha kupigwa na masika kadhaa. Azungumze na mwenye nyumba, hasa akiwa wa rika lake. Kisha jenga kitu kidogo nyumbani. Wengi watakushauri uanze na banda la ng'ombe. Mimi nakataa kabisa. Ukianzia bandani, umemthibitishia kwamba ni tofali za mifugo. Anza na chumba cha wageni.

Tena usiidharau hofu yake, kwa sababu tofali mbovu kweli humomonyoka. Pima udongo: ulowanishe, ujaze kwenye kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, uache ukauke kivulini. Ukisinyaa sana, mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga. Saruji kwa kawaida huwa asilimia 5 hadi 10, kulingana na udongo wenyewe. Wengi huharibu baada ya hapo: tofali zinatoka mashineni zinaachwa juani. Zifunike kwa nailoni, zimwagiliwe angalau siku 7, zisijengewe kabla ya siku 28. Umwagiliaji huo mkabidhi mzee. Tofali alizozitunza mwenyewe atazitetea mbele ya ndugu kuliko wewe.

Chagua pia fundi aliyewahi kuzijenga. Asiyezijua atamnong'oneza mzee kwamba ukuta usio na saruji ya kuunganishia kila kozi, yaani kila mstari wa tofali, hausimami. Tofali hizi hushikana zenyewe; kozi ya kwanza ndiyo hulazwa kwenye saruji na kunyooshwa kwa pima maji. Ikipinda, ukuta wote unapinda.

Inua msingi, paa litokeze sentimita 60 hivi. Mzee akidai lipu upande wa barazani, mpigie.