Kwa wanaoanza kupima dondoo za mimea dhidi ya seli za saratani ya matiti

Anayeingia maabara kwa mara ya kwanza na dondoo la mmea wa dawa, yaani kemikali zilizotolewa kwenye mmea kwa maji au kiyeyushi kingine, huwa na shauku ya kuona seli za saratani zikifa, na shauku hiyo ni njema. Lakini kuua seli ndani ya sahani si jambo gumu, kwani hata chumvi na pombe huziua. Swali linalostahili miaka yako ya masomo ni iwapo dondoo linaziua kwa kiasi kidogo ambacho seli za titi zisizo na saratani zinaweza kukistahimili, na iwapo mtafiti mwingine akiuchuma mmea huo huo atapata matokeo yale yale.

Kwa hiyo kazi huanzia porini. Jani linaloitwa mwarobaini laweza kuwa la Azadirachta indica au la Melia azedarach, miti ya ukoo mmoja yenye viambata tofauti. Chukua tawi lenye maua au matunda, likaushe, kisha mpelekee mtaalamu wa mimea alitambue na kulihifadhi kwa namba. Ikiwa ulielekezwa na mganga wa tiba asili, makubaliano kuhusu haki zake yafanyike kabla ya kuchuma, na umuulize anavyoiandaa dawa: yeye akichemsha mizizi kwa maji nawe ukaloweka majani katika methanoli, usiandike kwamba umeipima dawa yake.

Seli nazo zinahitaji uangalifu. Seli za saratani ya matiti zinazoitwa MCF-7 zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, ilhali zile za MDA-MB-231 hazina. Zitumie zote mbili, maana baadhi ya mimea ina viambata vinavyoiga estrojeni na vinaweza kuzikuza MCF-7 badala ya kuzizuia. Ongeza seli za titi zisizo za saratani, kama MCF-10A, upate cha kulinganisha. Utambulisho wa seli uthibitishwe kwa DNA, kwani MDA-MB-435 zilitumika kwa miaka mingi kama seli za saratani ya matiti kabla ya kubainika kwamba asili yake ni melanoma, yaani saratani ya ngozi.

Kipimo cha MTT ndicho utakachofundishwa mapema, nacho ndicho ninachokusihi ukitilie shaka kuliko vyote. Seli hai huigeuza chumvi ya njano kuwa zambarau, na ukolezi wa zambarau husomwa kama wingi wa seli zilizo hai. Tatizo letu sisi tunaopima mimea ni kwamba polifenoli, kemikali zilizomo katika mimea mingi, zinaweza kuigeuza chumvi hiyo zenyewe, bila kuwapo seli hata moja, hivyo dondoo lenye sumu kali likaonekana halina athari. Rangi ya dondoo lenyewe nayo huvuruga usomaji. Katika sahani yenye vishimo vya kukuzia seli, weka vishimo vyenye dondoo bila seli, vishimo vyenye kiyeyushi peke yake kwa kiwango kile kile, na vishimo vyenye dawa ya saratani inayojulikana, kama doksorubisini. DMSO, kiyeyushi kinachotumika sana kuyeyushia dondoo, isizidi asilimia 0.5, na ikiwezekana ishuke hadi 0.1. Kisha thibitisha kwa njia nyingine, hata kama ni kuhesabu seli kwa hadubini. Vishimo vitatu vya sahani moja ni jaribio moja tu. Rudia siku nyingine, kwa seli zilizokuzwa upya. Watafiti wengi huliona dondoo ghafi kuwa na matumaini likipunguza seli kwa nusu chini ya mikrogramu 20 au 30 kwa mililita, kwa hiyo dondoo linalohitaji mikrogramu 400 halistahili sifa, hata likiwa la mmea wa kwenu.

Someni historia ya maitansini, kemikali inayoua seli za saratani, iliyotangazwa mwaka 1972 kutokana na mimea ya jenasi ya Maytenus, na ambayo iliwafanya Wamarekani wachume tani nyingi za Maytenus buchananii katika milima ya Shimba, Kenya. Ilikuwa na nguvu ya ajabu dhidi ya seli, lakini kwa wagonjwa madhara yake yalikuwa makubwa mno, ikaachwa. Ndugu yake wa kikemia alifika hospitalini baada ya kuunganishwa na kingamwili ya trastuzumabu inayoipeleka sumu kwenye seli zenye protini ya HER2 kwa wingi, na dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa saratani ya matiti. Miongo minne ilipita, na sehemu kubwa ilitumika kutafuta namna ya kuwaepusha wagonjwa na sumu ile ile iliyowavutia watafiti.

Jamaa na majirani wakisikia unachofanya watakuomba dondoo. Usimpe mtu yeyote, hata ukiombwa kwa machozi. Majani ya mstafeli husifiwa sana, ilhali mti huo una anonasini, kiambata chenye sumu kwa seli za neva. Msihi mgonjwa aende Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, au hospitali nyingine yenye huduma ya saratani mapema, na ikiwa tayari anakunywa majani fulani, amweleze daktari wake waziwazi, kwa kuwa baadhi ya mimea hubadilisha namna ini linavyozishughulikia dawa za saratani ya matiti kama tamoksifeni.