Ukikaa na gitaa kavu mgongo na kifundo vinauma? Anza na kiti

Mkuu, umesema umenunua gitaa kavu (lisilo la umeme) lenye bodi, yaani kiwiliwili, kubwa, na kila ukikaa nalo nusu saa mgongo unauma, kifundo cha mkono wa kushoto kinawaka moto, mkono wa kulia unakufa ganzi, na kodi (chord) ya F, ile ambayo kidole cha shahada hulala kubana nyuzi zote, imekushinda kabisa. Unauliza kama vidole vyako ni vifupi, na kama uliuze. Kwa ulivyoeleza, sioni tatizo la vidole hapo. Tatizo ni ukaaji. Nimefundisha vijana wa kwaya gitaa kwa miaka mingi, na malalamiko haya manne huja pamoja, mara nyingi kwa mtu anayejifunzia kwenye kochi au kitandani.

Fanya jaribio hili kabla ya lolote. Kaa unavyokaa siku zote, shika gitaa, halafu achia mkono wa kushoto kabisa, uning'inie pembeni. Shingo ya gitaa ikiinama kuelekea sakafuni, jibu umelipata: mkono wa kushoto ulikuwa unalibeba gitaa huku unabana nyuzi. Kubeba si kazi yake hata kidogo. Gitaa lishikwe na paja, kifua, na mkono wa kulia uliolala juu ya bodi, basi. Mkono wa kushoto uwe huru kutoka freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya kwanza hadi ya kumi na kurudi, na gitaa lisitikisike. F inakataa kwa sababu hiyohiyo. Kiganja kikibeba shingo, kinaikumbatia, dole gumba linapanda juu, kidole cha shahada kinapinda badala ya kulala, na nyuzi za katikati zinazimika. Nimeona watu wakihangaika na F wiki nzima, wakarekebisha kukaa tu, ikalia siku ileile. Si wote, lakini wengi.

Sasa kiti. Kwetu kiti cha kwanza mtu anachovuta ni kile cha plastiki chenye mikono, na kwa kazi hii ni kibaya kuliko vyote. Mkono wa kiti unagonga kitako cha gitaa upande wa kulia, unalazimika kulisogeza kushoto, na bega linalifuata. Kikalio chake nacho kimeinama kwa nyuma, kwa hiyo unazama na mgongo unajikunja hata kabla hujapiga noti ya kwanza. Tafuta kiti cha mbao kisicho na mikono, stuli, au benchi. Kimo cha sm 45 hivi kinamfaa mtu mzima wa kawaida, lakini kipimo halisi ni mwili wako: mapaja yalale sawa na sakafu, nyayo zote mbili ziguse chini. Kigoda cha jikoni ni kifupi mno, magoti yanapanda na gitaa linakusukuma kifuani. Kalia nusu ya mbele ya kiti, usiegemee.

Ukishakaa hivyo, weka kiuno cha gitaa, pale lilipobonyea, juu ya paja la kulia. Mgongo wa gitaa uguse kifua upande wa juu. Kichwa chake kiwe juu kidogo kuliko bodi, karibu usawa wa bega lako, na shingo ielekee mbele kidogo, usiivute iwe sambamba na kifua. Hili la mwisho watu hulipuuza, na ndilo linalonyoosha kifundo cha kushoto. Shingo ikiwa imebanwa karibu na bega, kiwiko kinarudi nyuma na kifundo kinapinda kama ndoano. Isogeze mbele sm 10 tu uone kifundo kinavyonyooka chenyewe.

Mgongo wako nadhani unaumizwa na macho. Mwanafunzi anataka kuona vidole vyake, analilaza gitaa lielekee juu, kisha anaiinamia shingo yake. Simamisha uso wa gitaa uangalie mbele. Ubavuni mwa shingo, upande wako, kuna vidoti vidogo kwenye freti ya 3, 5, 7, 9 na 12. Hivyo vimewekwa kwa ajili yako wewe mpigaji, jifunze kusoma hivyo. Mwanzoni utapapasa, vumilia.

Ganzi ya mkono wa kulia inatokana na ukingo wa bodi. Bodi kubwa kama lako kwa kawaida ni umbo la dreadnought, ambalo kampuni ya Martin ya Marekani ilianza kulitengeneza mwaka 1916 kwa ajili ya kampuni ya Oliver Ditson, likapewa jina la manowari ya Uingereza. Lilitafutiwa sauti nzito na kubwa. Sehemu yake pana inafika karibu sm 40 na kina chake sm 12 hivi, kwa hiyo bega linainuliwa na ukingo unakandamiza nyama ya ndani ya mkono. Usiuning'inize mkono mzima juu ya ukingo huo. Laza sehemu iliyo karibu na kiwiko tu, upande wa mbele, bega lishuke. Shati la mikono mirefu linasaidia kuliko unavyodhani. Na kama unapenda ule upigaji wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga kule Kongo, wa dole gumba na kidole cha shahada, bega likikaza huwezi kuupata, kwa sababu dole gumba linatakiwa lishike besi muda wote bila kuchoka.

Kukunja nne ili gitaa lipande? Kwa wimbo mmoja sawa. Kwa mazoezi ya saa nzima nyonga inapinda na mguu unalala. Badala yake inua mguu. Wapigaji wa klasiki huweka gitaa kwenye paja la kushoto na mguu wa kushoto juu ya kistuli, ukaaji ulioenezwa sana na Mhispania Francisco Tárrega (1852–1909). Vistuli hivyo huwa vya sm 12 hadi 20 hivi. Tofali la saruji la inchi 6 likilazwa ni sm 15, limefunikwa kitambaa linafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Jaribu hata na gitaa lako la nyuzi za chuma: shingo inapanda, kifundo kinanyooka, F inakuwa nyepesi. Ubaya wake ni kwamba nyonga moja inakaa juu ya nyingine, kwa hiyo ukikaa hivyo muda mrefu kiuno kitalalamika. Mimi hubadilisha, nusu saa hivi na nusu saa kwenye paja la kulia.

Ila ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kukununulia, ningekununulia mkanda wa gitaa, ule wa kuvaa begani. Vaa mkanda hata ukiwa umekaa. Magitaa mengi kavu yana kitufe kimoja tu, kitakoni. Upande wa pili funga kamba kwenye kichwa, ipite chini ya nyuzi nyuma ya kile kipande cheupe kinachoshika nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa, au mpe fundi akuwekee kitufe cha pili kwenye kisigino cha shingo, pale inapoungana na bodi. Rekebisha urefu ukiwa umekaa, hadi mkanda uanze kubeba uzito, halafu simama. Gitaa likibaki palepale, umepatia. Ukiona linateleza pajani, kata kipande cha tyubu ya baiskeli ulaze chini yake.

Kabla hujajilaumu, pima pia nyuzi. Chukua rula, freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi mnene. Milimita 2.5 ni sawa. Ikiwa 4, hakuna ukaaji utakaokuokoa na F, mpelekee fundi ashushe. Na ganzi ikibaki usiku au asubuhi wakati hujagusa gitaa, pumzika na umwone daktari.

Kuhusu kuuza, subiri umalize mwezi mmoja na mkanda na kiti kizuri. Bega la kulia likiwa bado linainuka, hapo bodi ni kubwa kwako kweli, na ubadilishe bila kusita. Uliza umbo la OM au 000, upana wake ni sm 38 na kina sm 10 na ushee, na hizo sentimita mbili za kina ndizo bega litakazozisikia. Dukani omba kiti kisicho na mikono, kaa nalo robo saa, na uachie mkono wa kushoto mbele ya muuzaji.